Ujira wa Babu



Ikifika Julai, nenda kasimame nusu saa tu kwenye stendi ya mabasi ya Tabora. Basi la Mwanza linaingia, la Mbeya linaingia, la Kigoma linaingia, na kila buti ikifunguliwa yanaporomoka magodoro. Magodoro yaliyokunjwa yakakazwa kwa kamba. Ndoo mpya zenye mifuniko. Mafagio ya chelewa, makwanja yaliyofungwa makali kwa gazeti, masanduku ya bati yenye jina la mwenyewe kwa rangi nyeupe. Bodaboda mmoja anabeba sanduku, godoro na mwenye godoro kwa safari moja, na anaondoka wala hayumbi. Hao ni watoto wetu wa kidato cha tano, waliopangiwa shule za Tabora kutoka kila pembe ya nchi.

Mwaka mmoja mpwa wangu alikuwa miongoni mwao, akaniletea fomu yake ya maelekezo ya kujiunga ili nimsaidie manunuzi. Nikaisoma yote. Imetaja rangi ya shuka, jozi za soksi, rimu ya karatasi, kwanja, ndoo, reki. Nilipofika mwisho nikaigeuza karatasi nitazame nyuma, labda wameandika jambo ninalolijua mimi kuwa ni kubwa kuliko kwanja na ndoo: mtoto huyu akipanda dabodeka lake usiku wa kwanza, chini yake atalala nani? Halikuwemo. Na haliwezi kuwemo, maana hakuna afisa wa kulijua. Lakini katika vyote atakavyovikuta kule, huenda hilo ndilo litakalodumu naye kuliko kemia na kuliko jiografia.

Leo nataka tulizungumze hilo. Mtu usiyemjua, aliyekuja na kabila lake, dini yake na mkoromo wake, anageukaje kuwa mwenzako? Siku hizi shule na vyuo vina wiki nzima ya kuwapokea wageni. Kuna semina, kuna michezo, kuna kutembezwa maktaba na zahanati. Ni jambo jema. Ila nina wasiwasi kwamba tunalifanya kama jambo jipya lililoletwa na wataalamu, hali tumekaa juu ya barabara iliyolijua jambo hili kabla ya shule ya kwanza kujengwa.

Nianze na yangu.

Mimi niliingia Tabora kwa garimoshi mwaka 1983, na waranti ya serikali mfukoni. Nimezaliwa Kisarawe, Mzaramo wa baba na mama, na mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kupita Morogoro. Treni iliondoka Dar es Salaam jioni. Usiku nilikesha nikilinda sanduku. Kesho yake minazi haikuonekana tena, ikaja mibuyu ya Ugogo, halafu pori la miyombo lisilokwisha, kituo hadi kituo, mpaka nikaanza kuamini wale waliosema dunia ina mwisho na mwisho wenyewe uko karibu na Itigi. Wazee wa njia waliliita pori lile Mgunda Mkali, na waliolipita kwa miguu walikuwa na haki ya kulipa jina hilo. Kilomita kama 840 kutoka Dar es Salaam, ndipo nikashuka, gizani, na mzigo wangu kichwani.

Bwenini nikaonyeshwa kitanda. Cha juu. Cha chini kimeshapata mwenyewe, kijana mfupi mwenye mabega mapana, amekaa anakata mche wa sabuni kwa uzi. Wakati ule, msikilizaji mwenye umri kama wangu atakumbuka, sabuni ilikuwa kama dhahabu, unaipangia foleni kabla ya jogoo kuwika. Akanitazama, akaitazama baibui ya mama iliyofungia chakula changu, akauliza: "Umetoka wapi?" Nikamwambia. Akaruka kitandani, akapiga makofi, akatangazia bweni zima: "Jamani, leo nimeletewa mtumwa wangu kutoka Uzaramo! Haya, mtumwa, anza kwa kutandika kitanda changu."

Damu ilinipanda. Nimesafiri usiku na mchana, nina njaa, halafu natukanwa mbele ya watu nisiowajua hata jina. Nikaweka sanduku chini, nikakunja mikono ya shati. Kijana mmoja wa Kigogo, kitanda cha pili, akasema kwa upole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya msalani: "Wewe Mzaramo, usipigane. Huyo ni Mnyamwezi. Mjibu."

Mjibu! Neno lile ndilo lililonifungua masikio. Nikamkumbuka bibi yangu, jinsi alivyokuwa akimwita fundi mmoja wa Kinyamwezi pale kijijini "mpagazi wangu", akimpokonya muhogo mkononi na yule fundi akicheka. Nikasimama mbele ya kijana yule nikamwambia: "Mtumwa ni nani hapa? Babu yako alimbebea babu yangu mizigo mpaka Bagamoyo. Kazi hiyo ni ya ukoo wenu. Shika hilo sanduku, lipandishe juu."

Bweni likaangua kicheko. Na yule kijana, msikilizaji, akacheka kuliko wote. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitazamia: akainama, akalishika sanduku langu, akalipandisha kweli juu ya kabati. Akapangusa mikono akasema: "Sawa. Lakini kumbuka, ujira wa babu hamjalipa." Kisha akanikatia nusu ya sabuni yake. Usiku ule tulikula nazi yangu na matobolwa yake, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vinakuwa vigumu kama ngozi ya kiatu na vitamu kama asali. Wapo wasemao jina lenyewe la mji wa Tabora limetokana na hayo matobolwa. Mimi naamini, kwa sababu mji wangu wa Tabora ulianzia hapo.

Sasa tukae kitako tujiulize: ni nini kilichotokea pale?

Kilichotokea ni utani. Na utani huo, wa Wanyamwezi na watu wa pwani na bara yake, Wazaramo, Wazigua, Wakwere na wengineo, wengi waliouchunguza wanaufuatisha na njia ile ile niliyopita mimi kwa treni. Miaka ya 1970 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya habari za utani kutoka makabila mbalimbali ya nchi hii, na habari zile hazikwepi safari. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, barabara ilikuwa ya miguu: Bagamoyo, Ugogo, Mgunda Mkali, Unyanyembe ambako ndiko Tabora, kisha Ujiji ziwani. Wasafiri wa Kizungu, Burton na Speke, walipofika hapo Novemba 1857, mahali penyewe wakipaita Kazeh, waliwakuta Waarabu wamekwisha kujenga tembe zao, na Wanyamwezi wamekwisha kuijua njia ya pwani kama kiganja cha mkono. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulikuwa ndiyo jando la dunia. Asiyekwenda alihesabiwa bado mtoto.

Fikiri msafara unavyokusanyika. Watu mia mbili, mia tatu, wametoka vijiji visivyojuana. Mbele anakwenda kirangozi, kiongozi wa njia, na bendera yake. Nyuma yake wapagazi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, pembe au mtumba wa nguo, na juu ya huo mkeka wake na chakula chake. Mwendo wa miezi miwili, mitatu. Misafara midogo huungana njiani, kwa kuwa kwenda wengi kunapunguza hofu ya porini na kunasaidia mnapofika kwa mtawala anayedai hongo. Kwa hiyo kila baada ya siku kadhaa una sura ngeni mbele yako na sura ngeni nyuma yako. Jioni wanapiga kambi, na kambi hugawanyika katika vikundi vidogo, watu wachache wa chungu kimoja. Huyu kuni, huyu maji, huyu unga. Asiyeleta kuni hali.

Basi hapo ndipo watu walipofundishana. Hakuna aliyeambiwa asimame ataje jina lake na tunda analolipenda. Walipewa mzigo, chungu, na ruhusa ya kuchekana. Na walipopita katika nchi za wenyewe, Ukwere, Uzaramo, Uzigua, walihitaji maji, walihitaji chakula, na mara nyingine walihitaji kaburi. Mpagazi akifa njiani, siku ishirini kutoka kwao, atazikwa na nani? Atazikwa na mtani. Hilo ndilo lililokuwa agano. Mtani ana ruhusa ya kukuita mtumwa, kukunyang'anya kuku, kukucheka mbele ya wakwe zako, na huruhusiwi kukasirika. Lakini ukifa ni yeye atakayeshika jembe. Utani una mikono miwili: mmoja wa ruhusa, mmoja wa deni. Ukiukata mmoja, huo uliobaki si utani tena. Ndiyo maana mpaka leo Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Wangekuwa wa ruhusa tu bila deni, tungewaita maadui.

Nitakupa kisa kimoja cha njia hii, na kimetokea hapo hapo Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambako tembe aliyokaa Livingstone, yule msafiri wa Kizungu, imetengenezwa upya na sasa ni makumbusho. Wengi tulikisoma shuleni kama kisa cha Mzungu. Leo tukisome kama kisa cha wanafunzi wapya.

Machi 1872, Mzungu mwenzake, Stanley, aliagana na Livingstone pale akarudi pwani, akaahidi kumpelekea watu. Livingstone akabaki Kwihara anawasubiri miezi mitano. Tarehe 14 Agosti watu 57 wakawasili. Walikuwa wageni kwake na wageni kwa wale wachache aliokuwa nao. Miongoni mwa waliofika alikuwemo Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani akasomeshwa India, huko Nasik. Anajua kusoma na kuandika Kiingereza, amevaa na kusema tofauti. Miongoni mwa wenyeji walikuwemo Chuma na Susi, wakongwe wa njia, waliokuwa na Livingstone katika safari hiyo tangu 1866, na Halima, mpishi. Tarehe 25 Agosti msafara ukaondoka. Hesabu mwenyewe: siku 11. Haizidi sana wiki ya wageni katika chuo chochote cha leo.

Miezi minane baadaye, Mei 1873, Livingstone akafa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Hapo ndipo mtihani ulipowafika. Bwana amekufa, mikataba imekwisha, na kusafiri na maiti ni kujitafutia ugomvi na kila kijiji. Kila mtu angeweza kuchukua njia yake. Badala yake waliketi pamoja, na wageni wale wakakubali kwamba Susi na Chuma ndio wawe wakubwa wao, kwa kuwa ndio walioijua njia na shida zake. Wakauzika moyo chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye shina. Wakaukausha mwili juani, wakaufunga, wakaubeba.

Oktoba walifika tena Kwihara, mahali pale pale walipokutana mara ya kwanza. Wakamkuta Mwingereza, Cameron, aliyewashauri wazike hapo hapo yaishe. Wakakataa. Mbele kidogo, wenye nchi walipozuia maiti isipite, walibuni hila: wakafanya kifurushi cha uongo, wakajifanya wanakirudisha Unyanyembe kuzikwa, na maiti halisi wakaifunga upya kama mtumba wa nguo wa kawaida. Mtumba ukapita. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Zaidi ya kilomita 1,500, miezi kama tisa, na siri ile watu kadhaa wa kadhaa wameificha bila mmoja kuitoa.

Najua, maiti ilikuwa ya Mzungu, na sifa zikaenda kwake. Mimi nawatazama waliobeba. Siku 11 za Kwihara peke yake zisingeweza kuwafanya hivyo. Miezi minane ya matope, njaa, mzigo na chungu kimoja ndiyo iliyowafanya. Na tazama jambo moja zaidi: wageni wale waliwakubali Susi na Chuma kuwa wakubwa wao siku ya shida, kwa hiari. Ukubwa wao ulikuwa umekwisha kuonekana njiani, hakuna aliyelazimishwa kuuimba.

Hapo ndipo ninapotaka kuwagusa kaka na dada wakubwa wa kidato cha sita, nao wanisamehe.

Maana sikuwaambia habari yote ya wiki yangu ya kwanza. Usiku wa pili alikuja kaka mkubwa mmoja, mkanda mkononi, akatuita sisi njuka. Kenya wangetuita mono, Tanzania ni njuka, na maana ni ile ile: mtu asiyehesabika bado. Akanipa njiti ya kiberiti akaniamuru nipime urefu wa bweni kwa njiti hiyo, nimletee jibu. Nikapiga magoti, nikapima, njiti baada ya njiti, sakafu ya saruji, watu wanacheka. Nilipofika katikati akaniambia nimekosea, nianze upya. Nilifika mwisho magoti yanauma na koo limekaba. Mwaka ukaisha, yule kaka akamaliza, akaondoka. Jina lake silikumbuki. Ule mkanda naukumbuka mpaka kishikizo chake.

Ukimuuliza angekwambia alikuwa anatania tu, anatukaribisha, ni mila ya shule. Basi tuweke matukio yale mawili kwenye mizani. Usiku wa kwanza niliitwa mtumwa, tusi kubwa kabisa, na nikapata rafiki. Usiku wa pili sikutukanwa hata neno moja, nikapata chuki. Tofauti iko wapi? Usiku wa kwanza mtu aliniambia: mjibu. Usiku wa pili ningejibu ningepigwa. Kisha aliyenitania alinipandishia sanduku na kunikatia sabuni. Aliyenipimisha sakafu hakudaiwa kitu na mtu. Alikuwa na ule mkono mmoja tu, wa ruhusa.

Barabara yetu hii inaijua tofauti hiyo kwa uchungu. Njia ile ile ya Bagamoyo walipita wapagazi waliokubaliana ujira wao, na walipita pia watu waliofungwa kongwa shingoni, hawakuuliza wanakwenda wapi. Nao walikwenda pamoja. Walikula pamoja, kama walikula. Ila hakuna mwenye akili atakayesema kufungwa mnyororo mmoja ni urafiki. Neno "mtumwa" analotamka mtani leo huku akicheka lilikuwa jeraha. Utani ulilichukua jeraha lile ukaligawa sawa: wewe waniita, nami nakuita, na hakuna anayebaki nalo peke yake. Ndiyo sababu neno hilo hilo akilitamka mtu mwenye mkanda kumwambia asiyeweza kujibu, jeraha linafunguka upya.

Inasimuliwa kwamba Julius Nyerere, aliyeingia shule ya Tabora mwaka 1937 kutoka kabila dogo la Wazanaki, alikasirishwa na upendeleo waliokuwa wakipewa viranja, akaupinga waziwazi, na baadaye naye akafanywa kiranja. Ni habari ya kijana shuleni, si zaidi. Lakini taifa hili lilipopata uhuru, naye akiliongoza, likaamua kuwapeleka watoto kusoma mbali na kwao, Mhaya Mtwara na Mmakonde Tabora, tena mwaka 1963 likaanzisha Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Waliopita kambini, kama wanaopita sasa kambi ya Msange hapo Tabora kwa mujibu wa sheria, watakwambia habari zile zile: hanga moja, zamu ya kuni, mchakamchaka wa alfajiri, na yule mwenzako unayemfahamu kwa mlio wa kikohozi chake. Mujibu ulisimamishwa 1994, ukarudishwa 2013. Wazazi wengi waliupokea kwa hofu. Wengi wa watoto walirudi na ngozi nyeusi zaidi na marafiki wa mikoa ambayo hawakuwahi kuifikiria.

Leo watoto wanajuana kabla ya kukutana. Majina yakitoka tu, kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, picha zimeshabadilishwa, na vicheko vya herufi. Mpwa wangu alikuwa na marafiki arobaini wa shule ile kabla hajanunua ndoo. Nikamuuliza yupi kati yao atamwazima ndoo hiyo maji yakikatika. Akanyamaza. Simlaumu. Simu inakupa sura na jina, na ni mwanzo mzuri. Haiwezi kukupa mzigo wa kushika upande huu naye ashike upande ule.

Basi na mimi nitoe shauri langu la bure kwa wakuu wa shule na walezi wa vyuo vya Tabora. Semina endeleeni nazo. Ila siku moja katika wiki ile, wafungieni watoto mizigo ya unga, maharage na sufuria, waende Kwihara kwa miguu. Ni mwendo wa asubuhi moja, na kuna miembe ya kupumzikia. Wagawanywe wanane wanane, asiwepo wa mkoa mmoja na mwenzake, wala asipangwe na mwenzake wa mchepuo mmoja. Kila kikundi kiwe na sufuria yake, na wakubwa wa kidato cha sita wabebe mzigo sawa na njuka, bila kupungua hata kibaba. Mwishoni iwe amri moja tu ya kambi: kutaniana ruksa, ila hatanii mtu asiyekubali kujibiwa. Anayetania ndiye atakayeosha sufuria ya aliyetaniwa.

Nina hakika utani utapungua kidogo siku hiyo. Utakaobaki utakuwa wa kweli.

Nimalizie pale nilipoanzia. Yule kijana wa sabuni tulimaliza naye, kila mtu akashika njia yake. Yeye akaajiriwa, akahamia Morogoro. Mimi nikaingia kazi hii ya maneno. Tulikuwa tukionana mara moja kwa miaka mitatu, minne, na kila tukionana anauliza: "Ujira wa babu vipi?" Namwambia bado tunauchanga.

Baba yangu alipofariki sikumpigia simu. Nilikuwa sina akili ya kumpigia mtu. Sijui nani alimwambia. Tumetoka na jeneza nyumbani Kisarawe, tumefika makaburini, watu wamenyamaza, naona mtu mfupi wa mabega mapana, sasa mwenye mvi, amekaa kwenye ukingo wa kaburi, miguu ameining'iniza ndani. Jembe liko mapajani. Wadogo zangu wakashangaa, mmoja akataka kumtoa. Yeye akapaza sauti: "Hazikwi mtu hapa! Mzee huyu ameondoka na ujira wa babu yangu, mizigo ya Tabora mpaka Bagamoyo. Nilipwe kwanza!"

Wazee wa Kizaramo waliokuwepo wakaelewa mara moja. Nikasikia kicheko kidogo nyuma, cha kwanza tangu jana yake, na mama upande wa wanawake nyumbani alipoambiwa baadaye alicheka mpaka akalia vizuri, kilio kile kinachoshusha pumzi. Nikatoa mfukoni noti ya elfu kumi, nikampa. Akaigeuza huku na huku akiichungulia kwenye mwanga kama mtu asiyemwamini Mzaramo, akaitia mfukoni. Halafu akasimama, akaweka koti lake juu ya kichaka, akaingia kaburini kumpokea baba yangu kwa mikono yake miwili.

Tulipomaliza kufukia, jasho linamtoka, nikamshika mkono, nikamwambia asante, sasa tumemalizana.

Akanitazama kwa huruma. "Tumemalizana nini, mtumwa wangu," akasema. "Hiyo ni ya mzigo mmoja."